Rundo la Mtu, Rundo la Njia

Jina lake la kwenye vyeti nililijua, maana mimi, karani wa barabara, ndiye niliyekuwa naliandika kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio, lakini sikumbuki mtu aliyewahi kumwita kwa jina hilo. Tulimwita Kumi na Nne. Barabara ya mlimani ilikuwa imegawanywa vipande ishirini, naye alikabidhiwa kipande cha kumi na nne akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, akakaa nacho miaka thelathini na mmoja. Hata mkewe alimwita hivyo akiwa amekasirika. Akiwa hajakasirika alimwita Baba.

Kazi yake ilikuwa kutunza mawe. Siku hizi inabidi nieleze, kwa kuwa hakuna tena anayeifanya. Mlima ule una ukungu. Unashuka asubuhi bila hodi, na mtu akinyoosha mkono wake haoni vidole. Kwa hiyo waliotutangulia walijenga marundo ya mawe kando ya njia ya miguu, kila hatua sitini rundo moja, kimo cha kifua cha mtu mzima. Hayakuwa na saruji wala udongo. Kila jiwe lilipaswa kushikwa na mengine matatu. Likishikwa na mawili tu, fundi alilitoa akaanza upya. Juu kabisa lilikaa jiwe la kichwa, refu na bapa, lenye ncha upande mmoja na kisigino upande wa pili. Mtu anayepanda anapapasa kichwa cha rundo, anafuata ncha, anahesabu hatua sitini, anapapasa tena. Anayeshuka anafuata kisigino. Basi. Watu walivuka hivyo wakiwa na magunia kichwani na watoto mgongoni, na hakuna aliyehitaji kuiuliza simu yuko wapi.

Hilo lilikuwa rundo la njia. Kulikuwa pia na rundo la mtu. Mfanyakazi wa barabara au jamaa yake akifia njiani, wenyewe walijenga rundo pale pale alipoangukia, kwa kimo kile kile na mawe yale yale. Tofauti ilikuwa kichwani. Rundo la mtu halikuwekewa jiwe la kichwa. Juu liliachwa shimo kama bakuli, na kila aliyepita alitia kijiwe, awe alimjua marehemu au hakumjua. Shimo likijaa, wafiwa walihesabu kwamba msiba umekwisha. Tena aliyelijenga hakuruhusiwa kutoa jiwe hata moja. Kuongeza aliweza, kutoa ilikuwa kama kumfukua mtu wake.

Nilipomweleza injinia wetu mpya taratibu hizi, aliniuliza ziko ukurasa wa ngapi. Nikamwambia haziko ukurasani. Akasema, "Basi mzee wangu, hazipo." Mimi niliyejifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa misumari, mtu wa vyuo viwili akaniambia kwamba kisichoandikwa hakipo. Nikarudi kwenye daftari langu. Ofisi ilikuwa yake.

Lakini nilikuwa namzungumzia Kumi na Nne.

Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye maneno ya kuhesabika. Angeweza kupita kwenye mawe mia yaliyotawanyika, akainama mara moja tu, na jiwe aliloliokota likaingia kwenye pengo kama lilizaliwa humo. Hakulipima. Ukimuuliza alijuaje, alikuonyesha kiganja, kana kwamba jibu limeandikwa pale. Nadhani hakuwa akijua mwenyewe. Kazi ilikuwa imemtoka kichwani zamani, ikahamia mikononi, na mikono ilikuwa ikiendelea nayo huku yeye akiwaza mengine au asiwaze kitu.

Tulikuwa na msukuma toroli mmoja tuliyemwita Mdomo, na kwa jina hilo sina haja ya kumweleza zaidi. Huyo alikuwa akimchokoza kutwa.

"Kumi na Nne, ukifa tukuweke ncha iangalie wapi?"

"Iangalie kwako," anamjibu bila kuinua kichwa. "Watu wajue pa kupaepuka."

Mkewe naye alikuwa na ulimi. Alipenda kutusimulia kwamba siku ya posa yule bwana alikaa kwao saa nzima akitazama ukuta wa nyumba, na alipoulizwa kama ana neno, akasema ukuta una ufa upande wa dirisha. "Baba yangu alidhani ni fumbo," anasema. "Wazee wakatoka nje kushauriana maana yake. Kumbe maskini ana maana ya ufa." Tulicheka kila mara, na yeye Kumi na Nne alicheka pia, kidogo, kwa pua.

Walikaa katika nyumba za wafanyakazi chini ya mlima, vyumba viwili na jiko nje, na walikuwa na mtoto mmoja, binti aliyekuja baada ya miaka tisa ya kumngoja. Binti huyo alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na kuzipeleka upande wa pili wa mlima kwa miguu, furushi kichwani, mara mbili kwa wiki. Akipita kwenye kipande cha babaye alimwambia, "Baba, mawe yako nimeyasalimia, hayakuitika." Baba akamjibu, "Yana adabu. Hayasemi na wasichana." Hayo ndiyo mazungumzo yao niliyoyasikia, na nadhani yaliwatosha.

Binti alikuwa na miaka ishirini na mitatu lori lilipokatika breki kwenye Kona ya Juu, asubuhi ya ukungu. Kona ile, iliyo ndani ya kipande cha kumi na nne, ndipo njia ya miguu inapokatiza barabara. Sitasema zaidi.

Aliyetumwa kumwita baba ni Mdomo, na siku ile hakuwa na mzaha. Alituambia baadaye kwamba alimkuta kwenye rundo la tisa la kipande chake akiwa na jiwe mikononi. "Nikamwambia. Akanitazama. Akaliweka jiwe mahali pake, akalijaribu kama linacheza, halikucheza, ndipo akavua glavu." Habari hiyo ilizunguka nyumba zote kabla ya maiti kufika, na watu hawakumsamehe. Mimi sikuona ajabu. Mtu akipigwa ghafla, mikono yake humalizia ilichokuwa ikifanya. Lakini nani aliniuliza mimi?

Kwenye mazishi hakulia. Mkewe alimngoja alie. Nilimwona akimngoja, akimtupia jicho kupita vichwa vya akina mama, na yule bwana alisimama tu, mikono ikining'inia kama kitu alichoazimwa. Siku zilizofuata mke aliacha kula. Alimwandalia mumewe chakula, akakiweka, akatoka. Alimwambia dada yake kwa sauti ambayo sote tuliisikia: "Mimi nimeolewa na ukuta."

Siku ya nane Kumi na Nne alipanda Kona ya Juu kujenga rundo la mtoto wake. Tulitaka kumsaidia, akakataa. Alijenga peke yake tangu alfajiri, kwa mawe aliyoyabeba mwenyewe kutoka korongoni, na alasiri akashuka, akanawa mikono, akaketi. Kesho yake mkewe alipanda kwenda kuliona, nasi baadhi yetu tukamsindikiza.

Juu ya rundo lilikuwepo jiwe la kichwa.

Jiwe lilikuwa refu, zuri, la kijivu, na ncha yake haikuelekea rundo lolote la njia. Ilielekea ukingoni, nje kabisa ya barabara, na siku ile kulikuwa kweupe, kwa hiyo ukisimama nyuma yake na kufuata ncha kwa jicho uliona mapaa ya nyumba zetu kule chini, na la kwao likiwa katikati. Mama yule alitazama ncha, akatazama bonde, akaketi chini pale pale.

"Amemwonyesha nyumbani," alisema.

Tukaelewa sote, au tukadhani tumeelewa. Mtu aliyezishika taratibu kuliko sisi sote amezivunja kwa ajili ya binti yake, asije akapotea. Mdomo alivua kofia. Mimi, mzee mzima, niligeukia upande wa pili. Tangu siku ile mama akaanza kula. Akaanza tena kumwita mumewe Baba. Akija mgeni nyumbani alimsimulia: "Huyu hakulia hata chozi moja, lakini nenda Kona ya Juu ukaone alichokifanya." Kumi na Nne akisikia hivyo alikuwa akitazama sakafu, nasi tukasema ni haya.

Ikapita miaka miwili. Kwa kuwa kichwa kilikuwa kimezibwa, wapita njia hawakuwa na pa kutia vijiwe. Wengine waliviweka chini, mvua ikavichukua. Sisi wa pale tulilijua rundo lile ni la nani, tukilifikia tulilizunguka. Halikumdhuru mtu.

Kisha akaja injinia na vyuma vyake. Ilikuwa imeamuliwa kwamba marundo yote yataondolewa, na mahali pake vitasimikwa vyuma vyenye karatasi inayong'aa ikipigwa na taa. Mtu wa miguu hana taa, nilimwambia. Akasema mtu wa miguu atapanda gari. Vyuma vikaanza kusimikwa kutoka kipande cha kwanza, na mawe yakabebwa na lori kwenda kushindiliwa chini ya lami. Mawe yaliyoshikana matatu matatu kwa miaka mia yakamwagwa kama takataka, na vijana walikuwa wakipiga picha.

Walikuwa hawajafika kipande cha kumi na nne wakati msoma mita alipokuja. Huyu alikuwa kijana mgeni kutoka idara ya maji, ametumwa kusoma mita ya tangi lililoko upande wa pili. Ukungu ukamkuta katikati ya mlima na simu haikushika mtandao. Kwa bahati, au kwa bahati mbaya, ajuza mmoja wa nyumba ya mwisho alikuwa amemfundisha: papasa kichwa, fuata ncha, hesabu sitini. Akapapasa, akafuata, akahesabu, rundo moja baada ya jingine, kwa utiifu ambao watoto wetu wenyewe hawana tena. Alipofika Kona ya Juu alipapasa jiwe la kichwa, akafuata ncha. Kwenye hatua ya kumi na moja ardhi ikaisha. Alilala korongoni mpaka adhuhuri, mguu umevunjika mahali pawili. Alikuwa mgeni wa mwisho kuyaamini mawe yetu, na mawe yetu yakamfanya hivyo.

Tuliitwa ofisini alipotoka hospitali. Chumba kilikuwa na meza moja, benchi, kabati la chuma lisilofunga na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kulalamika. Injinia alikaa mezani, mimi pembeni na karatasi ya kuandikia. Msoma mita aliketi kwenye benchi, mguu wenye plasta ameunyoosha mbele, magongo yake yameegemea ukuta. Kumi na Nne na mkewe walisimama hadi walipoambiwa waketi.

Injinia hakuwa mtu mbaya. Inaniuma kuandika hivyo, lakini hakuwa mbaya. Aliongea taratibu.

"Mzee, nimeelezwa kwamba rundo lile ni la marehemu binti yenu. Poleni. Sasa mimi nina njia mbili tu. Kama jiwe la juu liliwekwa kwa kusudi, ni kumbukumbu ya familia, nitaliacha kama lilivyo. Nitazungushia uzio na kuweka ubao wa onyo. Kama liliwekwa kimakosa, basi ni alama ya barabara iliyokosewa na mtumishi wa barabara, na alama iliyokosewa hutolewa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo niambie."

"Kwa kusudi," alisema mkewe. "Linamwonyesha mtoto nyumbani. Kila mtu hapa anajua. Karani muulize, si yuko hapo?"

"Mama, nimemuuliza yeye."

"Samahani," msoma mita akasema. "Huo ubao, kwenye ukungu nitausoma na nini?"

"Wewe mwanangu nyamaza," mama akamwambia, bila ukali. "Pole na mguu. Lakini nyamaza."

Tukamtazama Kumi na Nne. Alichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa tu. Angeitikia, jiwe lingebaki, na mkewe angebaki na kile kitu kimoja alichokuwa amepewa. Alikuwa akiutazama ule mguu wenye plasta, kuanzia pajani hadi vidoleni, kwa jicho lile lile alilotazamia mawe.

"Mkono," alisema.

"Mkono umefanya nini?" injinia akauliza.

"Nilikuwa nimechoka. Nilifika juu, nikaona pamebaki pa jiwe la kichwa. Jiwe lilikuwepo karibu. Nikaliweka. Kesho yake nilipokumbuka, nikajua nimekosea."

"Lakini ncha inaelekea nyumbani kwenu."

"Pale ndipo lilipokaa bila kucheza."

Feni ilizunguka. Nilikuwa nimeacha kuandika. Injinia akasema, kwa sauti ya chini sasa, "Mbona hukulitoa hiyo kesho yake?"

"Nililijenga mimi. Aliyejenga hatoi." Alijipangusa viganja kwenye suruali. "Na mama yake alikuwa ameshaanza kula."

Mkewe hakumgeukia. Alikuwa akitazama kabati la chuma, mlango wake uliopinda.

"Miaka yote miwili?" aliuliza.

"Yote."

"Nikisema mbele za watu, unanisikiliza."

"Nilikuwa nakusikia."

Hakulia. Nilitazamia alie, maana yeye hakuwa kama mumewe. Alinyanyuka, akajifunga shuka yake vizuri kiunoni, akamwambia injinia, "Mimi sikujenga. Nitalitoa mimi."

Tulipanda watano, injinia akimchukua msoma mita kwenye gari lake, maana kijana alisema lazima aone. Mdomo tulimkuta njiani akaongezeka, akatazama nyuso zetu, akafunga mdomo. Juu kulikuwa na upepo, bila ukungu. Mama alilishika jiwe la kichwa kwa mikono miwili akalivuta. Lilikuwa zito. Mumewe alisogea kushika upande wa pili.

"Acha," akamwambia. Akaacha.

Alilivuta mpaka likaanguka miguuni pake, likazama kidogo kwenye majani. Kisha akachungulia pale lilipokuwa, akakaa akichungulia muda mrefu hata nikasogea nami nikaone. Hakukuwa na shimo. Chini ya jiwe la kichwa kulikuwa kumejazwa mawe yaliyobanana, sawasawa, kitaalamu, kila moja limeshikwa na matatu. Halikuwa rundo la mtu lililowekewa jiwe la kichwa kwa kusahau mwishoni. Lilikuwa rundo la njia tangu msingi.

"Hata shimo hukumwachia," alisema.

Kumi na Nne alilitazama rundo lake. Nilidhani atasema kitu, na bado nadhani alikuwa anatafuta. "Sijui," alisema. "Sikumbuki kulijenga."

Msoma mita, akiwa kwenye magongo yake, aliinama kwa taabu akaokota kijiwe. Ajuza alikuwa amemfundisha na hilo pia. Alikiweka juu, kikabingirika kikaanguka. Akakiokota tena, akakiweka, kikaanguka tena. Injinia akageukia gari lake, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mama ndiye aliyeanza kung'oa. Alichokonoa jiwe la kwanza kwa kidole hadi likalegea, akalitoa, akalitupa. La pili. La tatu lilikataa, akalitikisa huku na huku kwa hasira isiyo na sauti, ukucha ukavunjika, likatoka. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Pakapatikana shimo la kutosha ngumi moja. Kijana akatia kijiwe chake, kikatulia. Mdomo akatia chake. Mimi nikatia. Mama hakutia. Mumewe alikuwa na kijiwe mkononi, nilikiona, lakini tuliposhuka alikuwa bado nacho.

Sitapamba. Hawakuachana. Watu wa umri ule hawaachani, huongezewa tu kimya. Vyuma vilisimikwa kwenye kipande cha kumi na nne miezi miwili baadaye. Marundo yake yote arobaini na tatu yakabebwa, isipokuwa lile moja, ambalo injinia aliliacha bila kuombwa na hakuweka ubao. Kumi na Nne alikabidhi glavu zake stoo kwangu, nikampa karatasi atie sahihi, akatia. Nilimuuliza sasa atafanya nini. Akasema kuna ukuta wa jirani una ufa.

Huwa nakwenda kuwajulia hali. Mke anaandaa chakula na wanakula meza moja. Wanaambiana kwamba chumvi imeisha, kwamba mlango ufungwe, kwamba mvua inakuja. Anamwita Baba, sawasawa na zamani, na ukiwasikiliza kutoka nje ya dirisha ungesema wale ni watu wanaopatana. Kumi na Nne mwenyewe haelekei kuona tofauti, au anaiona na hana pa kuiweka.

Wiki iliyopita kulikuwa na mgeni, binamu wa mke, mwanamke mwenye kupenda habari, aliyekuwa hajafika kwao tangu msiba. Aliuliza mambo yote: lori lilitoka wapi, dereva alifungwa, mtoto alizikwa na nani. Alikuwa amesikia habari za rundo la mawe lenye ncha inayoonyesha nyumbani, akataka kusikia kutoka kwa mwenyewe. Kumi na Nne alikuwa ameketi mlangoni akinoa kisu.

"Hakuna ncha," mama akamwambia. "Lina shimo, ukipita utie kijiwe."

"Na nani alilijenga, dada? Baba yake?"

Mama alikuwa akimenya viazi. Alimaliza kimoja, akakitia kwenye maji, akachukua kingine.

"Baba yake siku ile alikuwa kazini," alisema.